Skonzi za Mama Mkwe

Wapendwa, kabla sijayaombea mavuno haya mliyoyapanga hapa mbele, ndizi, mahindi, na huyo jogoo anayenijibu kila nikifungua kinywa, naomba niwapeleke kwanza jikoni. Najua baadhi ya wazee wa kanisa hawajaingia jikoni tangu walipooa. Leo mtaingia. Kaeni tu pembeni msimwage kitu.

Palikuwa na binti mmoja aliyeolewa katika mji mdogo wa nazi na machungwa, mji kama huu wetu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado hajui hata kujisuka nywele, akalelewa na shangazi yake. Shangazi huyo hakuwa na mali, ila alikuwa na mkono. Alikuwa muoka skonzi. Mnazijua skonzi nzuri: asubuhi, zimeumuka, juu zimeiva rangi, ukiipasua moja mvuke unakupiga usoni na chai yenyewe inaanza kuwa na maana. Binti akaurithi mkono ule wote. Siku alipoolewa hakwenda na makochi wala kabati. Alikwenda na sufuria lake jeusi na mfuniko wa bati wa kupalia makaa, na hakujiona maskini hata kidogo.

Na kweli, skonzi zake zilimpatia mji. Mume wake alizila mpaka mashati yakaanza kumbana. Majirani walijifanya wamekuja kuazima chumvi, wakarudi kwao wanatafuna. Mgeni yule akawa mwenyeji kabla ya msimu wa machungwa kwisha.

Akabaki mtu mmoja tu ambaye hajazionja: mama mkwe. Huyo mama alikaa mbali kule milimani, na harusi ilipofungwa alikuwa kitandani, hakuja. Basi siku moja mume akasema, "Mama anakuja kututembelea. Atakaa juma zima." Binti alifurahi, jamani. Tangu utoto wake hakuwahi kulitamka neno "Mama" likapata wa kuliitikia. Akawa anafanya mazoezi jikoni peke yake, anakoroga mboga huku anasema, "Shikamoo Mama. Karibu Mama. Mama, maji ya kuoga tayari." Msicheke. Wewe mwenye mama hujui neno hilo lina ladha gani kwa aliyelikosa.

Mama akafika. Mwembamba, mpole, kanga zake zimenyooka utadhani hazijapanda basi. Binti akapiga goti, "Shikamoo Mama." Mama akamwekea mkono kichwani, "Marahaba mwanangu, Mungu akubariki." Mpaka hapo mambo ni mazuri. Binti akamwingiza ndani, akamketisha, akafunua kitambaa cheupe juu ya meza. Skonzi hizo! Alikuwa amezioka alfajiri, akazipaka siagi juu zikang'aa.

"Karibu chai, Mama."

Mama akazitazama, akatabasamu. "Asante mwanangu," akasema. "Nimeshiba."

Ameshiba? Mtu aliyetoka kwake kabla jua halijachomoza, akakaa barabarani mpaka saa nane mchana, ameshiba nini? Vumbi? Binti akafunika skonzi zake, akajiambia pengine ni uchovu wa safari.

Kesho yake akasukuma chapati laini. "Asante mwanangu, nimeshiba." Akapika maandazi ya iliki. "Asante, nimeshiba." Jioni Mama akala mchicha na kipande cha samaki, wali akausogeza pembeni ya sahani taratibu, kama mtu anayemsogezea nafasi mwenzake kwenye benchi. Na tabasamu lake halikuondoka. Angenuna, binti angejua pa kuanzia. Mtu anayekukatalia huku anatabasamu utamwanzia wapi?

Sasa palikuwa na jirani. Kila mtaa una jirani huyu, na kama mtaa wako hauna, jitazame vizuri. Akaja kuazima chumvi, akaziona skonzi zimejaa, akauliza kulikoni. Binti, kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akamwambia.

"Shoga yangu," jirani akasema, "mkwe asiyekula kwako haogopi chakula. Anaogopa mkono."

"Anaogopa nini kwenye mkono wangu?"

"Mimi sijasema kitu. Kwani umenisikia nikitaja dawa? Sijataja." Akachukua skonzi mbili na chumvi yake, akaenda zake.

Ndivyo walivyo. Anatia moto nyumba yako, halafu anakuuliza mbona pananuka moshi.

Binti akalala na neno lile. Asubuhi iliyofuata, akiwa anakwenda kutoa majivu nyuma ya nyumba, akamkuta mama mkwe wake ameketi juu ya gogo, amegeukia ukutani. Mkononi ana leso. Ndani ya leso kuna yai la kuchemsha. Analila kwa haraka, anatazama huku na huku, mama mtu mzima, mwenye nyumba yake na wajukuu wake, anakula yai kwa kujificha. Binti akarudi kinyumenyume na majivu yake.

Wapendwa, alilia. Alilia akiwa ameegemea kinu, na hakuwa analilia skonzi. Alikuwa anajiambia: nimepata mama, na mama mwenyewe anadhani nitamlisha sumu. Keshokutwa ataondoka. Atafika kwake, atawaambia watu wa ukoo kwamba kwa mkwe wake hakula kitu, na watu watajua wenyewe maana yake. Nani atamwita "mwanangu" tena?

Mume aliporudi kazini akamkuta macho yamevimba. Akamwuliza, akaambiwa yote, ya jirani na ya yai. Mnajua mume alifanya nini? Alicheka.

"Mama?" akasema. "Mama hali ngano. Tumbo lake halipatani na ngano kabisa, akila anaumwa siku nzima. Halafu ana sukari, wali na vitu vitamu daktari alimkataza. Mbona ni zamani, nilikuwa bado nasoma. Kwani sikukwambia?"

Kwani sikukwambia! Wanaume wenzangu, maneno mawili hayo yamezivunja nyumba ngapi? Mnacheka nini? Wake zenu hawacheki, nimewatazama.

"Sasa akienda kwa watu anakula nini?" binti akauliza.

Mume akakuna kichwa. Hilo hakuwahi kujiuliza. "Huwa anasema ameshiba," akajibu.

Hasira ikamtoka binti, jirani akamtoka akilini, pakabaki picha ya yule mama juu ya gogo na leso yake. Akafuta macho na upindo wa kanga. Akasema, "Kesho atakula skonzi zangu."

"Nimekwambia hali ngano!"

"Nimesikia."

Hapa ndipo nataka mkae karibu na jiko. Mtu aliyezaliwa kwenye ngano atafanyaje skonzi bila ngano? Binti alifikiri anacho nini. Ana mayai. Ana siagi na maziwa mtindi. Ana nazi, maana katika mji ule nazi unazikuta hata pale ambapo hukuzitafuta. Basi akaketi juu ya mbuzi, mbuzi ya kukunia nazi nasema, ninyi watoto msishangae. Akakuna, akakamua tui la mboga, na yale machicha yaliyobaki, ambayo sote huwa tunawamwagia kuku, akayatandaza kwenye ungo juani. Yalipokauka yakalia chakachaka, akayatwanga, akayachekecha. Akapata unga mweupe wenye harufu nzuri.

Najua kuna mtu hapo ameshatikisa kichwa, amelishika somo: kilichodharauliwa kimeinuliwa. Kaa, ndugu yangu. Siendi huko leo.

Akachanganya unga ule kama anavyochanganya ngano, akaupiga mkono wake wa shangazi, akaukanda kwa nguvu. Akakata duara, akapanga kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Alipofunua, harufu ilikuwa ya peponi. Akanyanyua skonzi ya kwanza, ikamwagika mkononi kama mchanga. Ya pili ikamwagika. Ngano ina mnato wake, inajishika yenyewe, ukiikanda inazidi kujishika. Nazi haina habari hiyo. Unaikanda mpaka kesho, inakutazama tu. Kuku wa nyumba ile walikula vizuri siku hiyo.

Hakukata tamaa. Kulikuwa na machicha mengine kwenye ungo. Safari hii akaongeza mayai, yawe ndiyo ya kuushika unga, akatia mtindi na beking pauda na chumvi kidogo, akakuna ganda la limau. Sukari hakutia hata chembe. Akaenda uani kwenye mforosadi, akachuma forosadi chache zilizoiva sana, akaziacha zisinyae juani, akazitia pale zilete utamu wao wa kiasi. Halafu akafanya jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea kukanda: akaondoa mikono. Akaufunika unga, akakaa. Unga wa nazi unakunywa polepole, nao unataka kuachwa unywe. Mara akiuchungulia, mara akijirudisha. Ulipokuwa umetulia ukashikika, akautengeneza kwa viganja, taratibu, akapalia makaa machache juu ya mfuniko kuliko kawaida yake, akasubiri tena.

Zikatoka fupi, nzito kidogo, hazikuumuka kama za shangazi. Lakini zilikuwa na rangi, na pale forosadi zilipopasuka palikuwa na madoa ya zambarau. Akainyanyua moja. Haikumwagika. Akaipasua, mvuke ukampiga usoni. Binti wa watu akacheka peke yake jikoni, akasema, "Ee Mungu, asante," kwa sauti, kuku wakashtuka.

Akatandika meza. Kitambaa cheupe. Birika la chai ya tangawizi isiyo na sukari. Akamwita mama mkwe wake kutoka chumbani, ambako alikuwa anakunja nguo zake tayari kwa safari ya kesho. Mama akaja, akaketi. Binti akafunua kitambaa.

"Karibu chai, Mama."

Mama hata hakutazama sahani. Akatabasamu. "Asante mwanangu. Nimeshiba."

Mmesikia? Skonzi hizo hazikuokwa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote chini ya jua. Zimeokwa kwa ajili ya tumbo lake yeye, kwa ugonjwa wake yeye. Na ana njaa! Ameamka na njaa, amelala na njaa juma zima. Akasema nimeshiba.

Binti angeweza kufunika kitambaa. Siku zote alikuwa anafunika. Lakini siku hiyo akapiga goti pale pale mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe, nimeambiwa. Hizi hazina ngano. Hazina sukari. Ni machicha na mayai na forosadi za hapo uani. Nimekuokea wewe, Mama. Wengine wote wana zao."

Yule mama akainamia sahani. Tabasamu likamtoka, na kwa mara ya kwanza binti akaona uso wenyewe uliokuwa nyuma yake, uso wa mtu aliyechoka.

"Mwanangu," akasema, "nilipoanza kuumwa nilikuwa nasema. Nikienda kwa ndugu nawaambia hiki sili, hiki sili. Wakaanza kunong'ona kwamba najidai, kwamba najipa maradhi ya wenye magari. Nikaona bora niseme nimeshiba, watu wale kwa amani. Nimelisema neno hilo mpaka sasa linatoka lenyewe. Hapa kwako nilitaka kukwambia. Nikaogopa. Nilidhani ukijua mzigo wangu utanichoka kabla hujanizoea."

"Sikuchoki, Mama."

Mama akanyoosha mkono, akachukua skonzi. Akaipasua. Akaila polepole, macho ameyafumba, na machozi yanashuka anakula nayo. Akala ya pili. Binti bado amepiga goti, anamtazama, anangoja neno, maana mpishi hungoja neno. Mama hakusema asante. Alipomaliza akaokota punje zilizoanguka kwenye kanga yake, akazila nazo, akanyoosha sahani tupu.

"Zipo nyingine?"

Wapendwa, binti yule alikimbilia jikoni utadhani ameitwa ikulu. Na mume alipoingia, akasema, "Loo, skonzi!" akapeleka mkono, mama yake akampiga kofi vidoleni. "Hizi zangu. Za kwako ziko kwenye kapu."

Sasa.

Mmekaa hapo habari hii yote mkimwonea huruma binti. Nimewaona. Akina mama mmefuta macho. Kila mmoja wenu alikuwa binti: mimi ndiye ninayetoa, mimi ndiye ninayekataliwa, mimi ndiye nisiyeshukuriwa. Mmeingia mlango usio wenu. Kwenye habari hii sisi si binti. Sisi ni yule mama. Aliyesimama mezani na sahani, anangoja kwa hamu, huyo ni Mungu wetu.

Hebu tulisikilize neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili, mtu akikukaribisha chakula nawe ukajibu "asante" basi, umekula? Hujala. Umekataa. Tena umekataa kwa adabu nzuri hata mwenyeji hawezi kukasirika. Anafunika sahani yake, anaondoka, nawe unabaki na heshima yako na njaa yako. Asante ya kwetu inaweza kuwa shukrani, na inaweza kuwa mlango uliofungwa polepole usipige kelele.

Je, tunapoimba humu asante, asante, asante mpaka kinanda kinachoka, ni ipi hiyo?

Mama uliyefiwa, wenzako walikuja kukaa nawe, kukuteka maji, kulia nawe. Nani aliwatuma? Ukawaambia, "Asanteni, msijisumbue, naendelea vizuri." Ulikuwa unaendelea vizuri? Baba, mwanao alipiga simu akasema nisamehe. Ukamjibu, "Yameisha, asante," ukakata. Yameisha? Mbona ukisikia sauti inayofanana na yake unageuka? Na wewe kijana unayetubu dhambi ile ile kila Jumapili, uliyokwisha kusamehewa: Mungu amekuletea msamaha mkononi, bado wa moto, umeukalia kimya, unatabasamu, umeshiba.

Tunajificha nyuma ya nyumba na yai letu moja. Na kwa nini? Kwa sababu tunaogopa kwamba akijua tunachoumwa atatuchoka. Jamani! Anajua. Alijua kabla hajawasha jiko. Hakukuletea mkate wa kila mtu akasema ukikushinda shauri yako. Amekaa na ugonjwa wako, ameufikiria, ameondoa kile kinachokudhuru, ameweka kile unachokiweza, amesubiri. Nami namshukuru, ndugu zangu. Namshukuru kwa sababu mimi pia tumbo langu halipatani na vitu vingi, na mpaka leo hajanichoka.

Mavuno haya ni mazuri na tutayaombea. Lakini Mungu hana upungufu wa ndizi. Anangoja kitu kimoja kutoka kwetu, kile ambacho binti alikingoja amepiga goti. Shukrani iliyomfurahisha mpishi yule haikuwa na neno asante ndani yake. Ilikuwa na punje kwenye kanga.

Basi tusimame. Kila mmoja atazame ni nini amewekewa mezani akakikataa kwa adabu, akinyooshee mkono. Na anayetaka kumwambia Mungu asante leo, amwambie mdomo ukiwa umejaa.